Maswali ya Wasomaji: Dar es Salaam ni Mkoa, ni Jiji, au ni Vyote Viwili?

Barua nyingi za mwezi huu zimelizunguka jina moja, kila moja ikiligusa kwa upande wake: mfanyabiashara kwa sababu ya mkataba, mwandishi wa habari kwa sababu ya taarifa ya ajali, mwalimu kwa sababu ya upatanisho wa sentensi. Tumeona ni vyema tuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la moja mara nyingi ndilo linaloifungua nyingine.

Swali: Ndugu Mhariri, ninauza vifaa vya umeme Sinza. Mkataba wangu mpya wa pango unasema kuwa duka lipo "Sinza, Jiji la Dar es Salaam". Mwenye nyumba amekataa kutia saini, akidai kuwa Sinza haimo katika Jiji la Dar es Salaam. Nilidhani ananitania, kwa kuwa nimekaa hapa tangu utotoni na sijawahi kuambiwa kuwa naishi nje ya jiji. Ninyi mnasemaje? (Msomaji, Sinza)

Jibu: Mwenye nyumba wako yuko sahihi, ingawa tunakubali kuwa usahihi wake una umri mdogo. Mpaka mapema mwaka 2021 maneno yaliyomo katika mkataba wako yasingekuwa na kasoro yoyote. Tangu Februari ya mwaka huo, yana kasoro.

Jina Dar es Salaam limebeba vyombo viwili vya kiserikali ambavyo mipaka yake hailingani. Cha kwanza ni Mkoa wa Dar es Salaam, unaoongozwa na Mkuu wa Mkoa, na ambao una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Cha pili ni Jiji la Dar es Salaam, yaani halmashauri yenye Meya, madiwani na Mkurugenzi wake, na ambayo kwa sasa eneo lake ni lile la Wilaya ya Ilala peke yake. Sinza ipo katika Wilaya ya Ubungo, nayo wilaya hiyo ina halmashauri yake, Manispaa ya Ubungo, ambayo ndiyo iliyokupa leseni ya biashara. Kwa hiyo duka lako liko ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam lakini liko nje ya Jiji la Dar es Salaam, na sentensi hiyo, ambayo ingemshangaza babu yako, leo ndiyo lugha ya serikali.

Ilifikaje hapo? Mji huu ulipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949 na hadhi ya jiji Desemba 1961, wakati wa uhuru wa Tanganyika. Katika miaka ya mwanzo jiji na mji vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyehitaji kuuliza mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Halmashauri za miji zilifutwa wakati wa sera ya madaraka mikoani iliyoanza mwaka 1972, zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na shughuli zake zikawekwa chini ya Tume ya Jiji, na mwaka 2000 ukaanza mfumo mpya: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji iliyoshughulikia mambo yanayozihusu zote. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke, zikafika tano.

Mfumo huo wa ngazi mbili ndio uliotuzoesha kusema "jiji" kwa maana ya mkoa mzima, na wala hatukukosea, kwa sababu Halmashauri ya Jiji ya wakati huo ilifunika manispaa zote. Lakini ilikuwa halmashauri ya ajabu kidogo. Haikuwa na kata hata moja iliyokuwa yake peke yake. Kila kipande cha ardhi ilichokisimamia kilikuwa tayari ni cha manispaa fulani, na madiwani wake walitoka katika mabaraza ya manispaa hizo. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Manispaa nyingine nne zilibaki manispaa.

Matokeo yake yana vichekesho vyake. Masaki na Oysterbay, zenye balozi na hoteli, si sehemu ya Jiji, kwa kuwa ziko Manispaa ya Kinondoni. Chanika na Msongola, ambako bado utakuta mihogo na mikorosho nyuma ya nyumba, ni sehemu ya Jiji kwa kuwa ziko Wilaya ya Ilala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Ubungo. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, kule Kipawa, umo ndani ya Jiji. Anayepanda mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni huanza safari katika Manispaa ya Ubungo, hupita Manzese akiwa bado Ubungo, huingia Manispaa ya Kinondoni akifika Magomeni, na huingia katika Jiji la Dar es Salaam anapolivuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, na katika muda wote huo, akipigiwa simu na kuulizwa yuko wapi, atajibu kwamba yuko Dar.

Hesabu za watu zinaonyesha tofauti hiyo kwa ukali zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Katika Jiji la Dar es Salaam walihesabiwa watu 1,649,912, yaani chini ya theluthi moja. Ukisoma mahali kwamba "Jiji la Dar es Salaam lina watu zaidi ya milioni tano", ujue mwandishi amechukua idadi ya mkoa akaivisha jina la jiji. Kosa hili limeenea hata katika taarifa za wataalamu, na tunadhani wengi wanaolifanya hawajui kuwa ni kosa.

Kwa mkataba wako, tungeandika hivi: "Mtaa wa (jina), Kata ya Sinza, Manispaa ya Ubungo, Mkoa wa Dar es Salaam". Maneno hayo yanaanza na kidogo kwenda kwenye kikubwa, yanalingana na leseni yako, na hayamwachii mtu nafasi ya kubishana. Kama mkataba wa zamani umekwisha kutiwa saini na pande zote, marekebisho ya maandishi yanayotaja kifungu hicho na kusainiwa na wote wawili yatatosha kuweka kumbukumbu sawa, na mwanasheria wako hatakosa kukubali.

Swali: Nafanya kazi katika redio. Wiki iliyopita niliandika: "Watu wawili wamejeruhiwa katika ajali iliyotokea Mbagala jijini Dar es Salaam." Mhariri wangu alilifuta neno "jijini" akaweka "mkoani". Nilihisi sentensi imepoa. Je, alikuwa na haki? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Mhariri wako alikuwa na haki ya kisheria, na wewe ulikuwa na haki ya masikio. Mbagala ipo Manispaa ya Temeke, hivyo kwa mipaka ya sasa haimo katika Jiji. Hata hivyo neno "jiji" katika Kiswahili cha kila siku halikungoja Gazeti la Serikali liliidhinishe. Linamaanisha mji mkubwa sana, wenye msongamano, maghorofa na watu wa kila kabila, na kwa maana hiyo Mbagala ni jijini bila shaka yoyote.

Tunachopendekeza ni kutenganisha herufi kubwa na herufi ndogo. "Jiji la Dar es Salaam", kwa herufi kubwa, liwe jina la halmashauri na eneo lake. "Jijini Dar es Salaam", kwa herufi ndogo, liachwe liwe neno la kawaida la kuonyesha kuwa jambo limetokea katika mji huo mkubwa. Kwa taarifa ya ajali, harusi au mechi, "jijini" inafaa. Kwa taarifa ya bajeti, ushuru wa soko, leseni, ujenzi wa madarasa, au uamuzi wowote uliofanywa na mkurugenzi au baraza la madiwani, taja halmashauri yenyewe kwa jina lake kamili, kwa sababu msikilizaji wa Mbagala akisikia kuwa "Jiji limeongeza ushuru" atadhani ameongezewa yeye.

Redioni mwenu kuna mtego mwingine ambao tumeusikia zaidi ya mara moja. Jeshi la Polisi lina Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, na ndani yake kuna mikoa ya kipolisi kama Ilala, Kinondoni na Temeke. Shirika la umeme nalo lina mikoa yake ya kazi, kwa mfano Kinondoni Kaskazini na Kinondoni Kusini. Mtangazaji anaposema "Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Kinondoni" hajakosea, mradi aongeze neno "kipolisi". Akiliacha, msikilizaji aliyeko Songea ataamini kuwa kuna mkoa mpya umezaliwa.

Swali: Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kuwa Dar es Salaam maana yake ni "bandari ya salama". Mjomba wangu, aliyesoma Kiarabu Unguja, anasema ni "nyumba ya amani" na kwamba mwalimu aliotea tu. Nani tumwamini? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mwamini mjomba kwa maneno yalivyoandikwa, na usimcheke mwalimu.

Kwa Kiarabu *dar* ni nyumba, makao, au makazi ya watu, na *salaam* ni amani na usalama, neno lilelile lililotupa "salama" na "salamu". Kati yake kuna kiungo *al*, ambacho sauti yake ya *l* humezwa na *s* inayofuata, ndiyo maana husikika "as" au "es". Mchanganyiko huo si wa mji wetu peke yake. Katika Qurani, *Dar as-Salaam* ni jina la Pepo, makao ya amani aliyoahidiwa mcha Mungu. Baghdad, ulipojengwa na khalifa al-Mansur mwaka 762, uliitwa Mji wa Amani, na uliitwa pia Dar as-Salaam. Nchi ya Brunei hadi leo jina lake rasmi ni Brunei Darussalam. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji wake bara katika miaka ya 1860, alichagua jina lenye heshima kubwa katika dini na katika historia, na mtu wa nasaba yake asingehitaji kufafanuliwa maana yake.

Maelezo ya "bandari ya salama" yanatokana na *bandar*, neno lenye asili ya Kiajemi lililotupa bandari. Yanavutia kwa sababu yanaeleza kitu kinachoonekana kwa macho: mlango mwembamba wa bahari, kisha maji yaliyotulia ndani, ambamo jahazi hujificha na pepo. Wapo waandishi wa heshima walioyakubali. Sisi tunayaona kuwa ni ufafanuzi uliokuja baada ya jina. Ili *Bandar* iwe *Dar* ni lazima silabi yake ya kwanza ianguke bila kuacha alama, na hatuoni sababu ya kuanguka kwake ilhali Waswahili wanalitamka neno "bandari" kila siku bila taabu. Rahisi zaidi kuamini ni kwamba watu wa pwani, ambao hawakuwa na neno *dar* kwa maana ya nyumba katika maongezi yao, walilisikia jina geni mahali penye bandari nzuri, wakalipa maana waliyoiona mbele yao.

Kabla ya Majid palikuwa na kijiji cha Mzizima, makazi ya wavuvi na wakulima, na kwa kawaida jina hilo hufafanuliwa kuwa ni mji wenye afya. Halikufa. Lipo katika majina ya shule na mitaa, na wapenzi wa soka wanalisikia kila msimu, kwa kuwa mechi ya Azam na Simba watangazaji huiita Dabi ya Mzizima. Mji wa Majid wenyewe nusura ufe: alifariki mwaka 1870, mrithi wake Sayyid Barghash hakuutilia maanani, na majengo yakaachwa yaanze kuanguka. Wajerumani walipofika mwaka 1887 waliukuta mji mdogo, na mwaka 1891 wakauhamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Waingereza waliuteka mwaka 1916. Tawala zote hizo zilibadilisha mengi, na hakuna uliogusa jina, isipokuwa tahajia yake.

Swali: Niko Muscat. Hapa wenzangu wa asili ya Zanzibar wanaandika "Darussalam", mdogo wangu aliyeko Tanga huandika "Daresalaam", na kwenye bahasha za zamani za baba yangu kuna "Dar-es-Salaam" yenye vistari. Ipi ni rasmi, na je, kifupi "DSM" kinakubalika? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Rasmi ni Dar es Salaam: maneno matatu, bila vistari, "es" kwa herufi ndogo, na "a" mbili katika silabi ya mwisho. Vistari vilikuwa desturi ya uandishi wa Kiingereza na Kifaransa wa zamani, na Wajerumani waliunganisha yote wakaandika *Daressalam*. Bahasha za baba yako si makosa, ni za wakati wake. "Darussalam" ni jina lilelile kwa matamshi ya Kiarabu sanifu, na kwa barua ya kirafiki halina ubaya, lakini katika fomu ya pasipoti au hundi liandikwe kama linavyoandikwa Tanzania. "Daresalaam" ni matamshi yetu ya haraka yaliyowekwa kwenye karatasi. Tunaisikia kila siku, hatuishauri.

DSM imezoeleka katika anwani, risiti na tiketi za basi, na mtu yeyote wa Tanzania ataielewa. Angalizo ni moja tu, na linawahusu ninyi mnaosafiri: katika usafiri wa ndege alama ya uwanja wa Dar es Salaam ni DAR. DSM ni alama ya uwanja wa Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani. Sanduku lako likifungwa karatasi yenye DSM, usilipungie mkono ukitarajia kulikuta Kipawa.

Ama "Dar" pekee, hiyo ni ya mazungumzo, na "Bongo" ni ya mazungumzo zaidi, ikitokana na wazo kwamba mjini humo haishi mtu asiyetumia ubongo. Siku hizi Bongo imetanuka hadi kumaanisha Tanzania yote, hasa kwa wanaoishi nje kama ninyi, hivyo haiwezi tena kusimama badala ya jina la mji.

Swali: Nafundisha Kiswahili kidato cha pili. Wanafunzi wangu wamegawanyika: "Dar es Salaam limepanuka", "Dar es Salaam umepanuka", na "Dar es Salaam imepanuka". Naomba uamuzi. (Mwalimu, Iringa)

Jibu: Zote tatu zina mzazi, ila kila moja ina mzazi wake. "Limepanuka" limefuata jiji, "umepanuka" umefuata mji au mkoa, na "imepanuka" imefuata desturi ya kuyapatanisha majina ya mahali kama ngeli ya nchi, vile tunavyosema Tanzania imeendelea au Mombasa ina joto. Jina likiwa limesimama peke yake, bila nomino mbele yake, sisi tunapendelea "imepanuka", kwa kuwa haimlazimishi msomaji kukisia nomino iliyofichwa. Ukiitaja nomino, basi nomino ndiyo inayotawala: Jiji la Dar es Salaam limepanuka, Mkoa wa Dar es Salaam umepanuka, Manispaa ya Temeke imepanuka.

Waonyeshe wanafunzi kuwa kuna upatanisho wa nne, ule wa mahali: "Dar es Salaam kuna joto", "Dar es Salaam pana watu wengi". Huo ni Kiswahili fasaha kabisa, na mara nyingi ndio wenye ladha zaidi. Ila kiambishi "-ni" hakipachikwi kwenye jina la mji lenyewe. Hupachikwa kwenye nomino inayolitangulia, ndiyo maana tunasema "jijini Dar es Salaam" na "mkoani Dar es Salaam".

Na kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wako wamekuuliza kama ni sahihi kuandika "mji mkuu Dar es Salaam": hapana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka 2018 Dodoma ikapata hadhi ya jiji na sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi.

Swali: Nimejenga Vikindu. Kila nikijitambulisha kuwa natoka Dar, jirani yangu hunikatiza: "Wewe ni mtu wa Pwani." Nafanya kazi Kariakoo, watoto wanasoma Mbagala, na daladala ninayopanda ni ya Mbagala. Mimi ni wa wapi? (Msomaji, Vikindu)

Jibu: Kwa kura, kwa kitambulisho na kwa hati ya kiwanja, wewe ni wa Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Kwa nauli unayolipa kila siku, wewe ni wa Dar es Salaam, na hatuoni kwa nini ukubali kukatizwa.

Mkoa wa Dar es Salaam wenyewe ulikatwa kutoka Mkoa wa Pwani katika miaka ya 1970, wakati mashamba bado yalikuwa yameuzunguka mji pande zote za bara. Mpaka uliochorwa wakati ule uliuacha mji na nafasi ya kupumua, na mji ukaimaliza. Leo upande wa kusini nyumba zinaendelea bila kukatika kutoka Mbagala hadi Vikindu. Upande wa kaskazini zinapita Bunju na kuingia Mapinga na Kerege, ambazo ni za Wilaya ya Bagamoyo. Upande wa magharibi barabara ya Morogoro inapita Kibamba na Kiluvya kuelekea Kibaha, na abiria aliyesinzia hawezi kujua ameuvuka mpaka. Wapangaji wa miji wana neno lao kwa eneo kama hilo, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita tu mji na viunga vyake. Lakini Tanzania haina jina rasmi la eneo hilo pana, wala chombo kimoja kinachoiongoza Vikindu na Mbagala kwa pamoja.

Kwa hiyo, ukiwa unajaza fomu, andika Mkuranga, Pwani, na usiongeze Dar es Salaam mahali popote, maana fomu hurudishwa. Ukiwa msibani Kigoma na mtu akakuuliza unakaa wapi, sema Dar, kisha akikuuliza Dar sehemu gani, sema Vikindu, ukipita Mbagala. Utakuwa umesema kweli mara zote mbili. Jirani yako naye, tunadiriki kusema, akiwa Kigoma husema hivyohivyo.

Swali: Huku kwetu nimeona barua rasmi zikiandikwa "Kaunti ya Jiji la Nairobi", ilhali nyingine zote ni "Kaunti ya Kiambu", "Kaunti ya Mombasa". Je, nalo ni jambo kama hilo lenu la Dar es Salaam? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Ni ndugu yake, lakini limekwenda njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina jedwali linaloorodhesha kaunti 47, na ya mwisho katika orodha hiyo haikuandikwa Nairobi tu bali Jiji la Nairobi. Neno jiji kwenu limo ndani ya jina la kaunti kwa mujibu wa Katiba, ndiyo sababu barua za serikali ya kaunti hulitaja, na anayeandika "Kaunti ya Nairobi" katika mazungumzo hapotoshi mtu, ila katika mkataba au kesi ni vyema afuate jina refu. Mombasa nayo ni jiji, lakini katika jedwali hilo imeandikwa Mombasa basi. Hadhi yake haikuingizwa katika jina.

Tofauti kubwa ni kwamba kwenu jiji na kaunti vina mipaka ileile. Sensa ya mwaka 2019 ilipohesabu watu 4,397,073 Nairobi, idadi hiyo ilikuwa ya kaunti na ya jiji kwa pamoja, na mwandishi hawezi kuipotosha hata akitaka. Msukosuko wenu uko nje ya mpaka. Ongata Rongai ni ya Kajiado, Ruaka ni ya Kiambu, Syokimau ni ya Machakos, na wakazi wa huko kote, wakifika kwao kijijini Desemba, husema wametoka Nairobi. Serikali yenu iliwahi kulipa jambo hilo jina na wizara kamili: mwaka 2008 iliundwa wizara ya maendeleo ya Nairobi na viunga vyake, ikihusisha pia maeneo jirani ya Kiambu, Machakos na Kajiado, na ikaondoka wakati serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama inafaa kuandika "Kaunti ya Jiji la Nairobi ina" au "lina". Kaunti ndiyo kichwa cha kirai hicho, kwa hiyo ni "ina". "Lina" litumike pale unapoanza na Jiji lenyewe.